Hapa Hakuna Anayeishi Peke Yake

Kwa mujibu wa kompyuta ya hospitali, katika nchi yote inayoanzia malisho ya Masisi mpaka pale msitu wa Walikale unapoanza kuinamia barabara, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeishi peke yake. Wenye njaa walikuwepo, tena tele. Waliokimbia vijiji vyao walikuwepo kuliko waliobaki. Waliolala chini ya hema, waliolala jikoni kwa watu, waliokuwa na nyumba isiyo na paa na waliokuwa na paa lisilo na nyumba, wote walikuwemo. Lakini wa kuishi peke yake hakuwepo. Safu yake ilikuwa nyeupe mwezi baada ya mwezi, na aliyeiacha nyeupe ni Libérata.

Hospitali yenyewe tuliache jina lake. Ipo kando ya barabara ambayo wiki hii hufungwa na wenye bunduki na wiki ijayo hufungwa na matope, na watu huona afadhali matope kwa sababu hayaulizi kitambulisho. Libérata, mjane mzaliwa wa Kibabi, alikuwa na chumba kidogo nyuma ya famasia, na humo aligeuza maradhi ya watu kuwa herufi na namba. Muuguzi humletea karatasi ya mgonjwa, naye hutafuta: malaria ina namba yake, homa ya matumbo ina yake, mguu uliopondwa na mawe ya shimo la dhahabu una yake. Walimwita Mama Encodeuse, yaani mwingiza namba, kana kwamba padri ndiye aliyembatiza hivyo.

Namba za maisha zilikuja baadaye. Kijana mmoja wa ofisi ya zone ya afya, Fiston, ndiye aliyezileta, akaeleza, na haki yake apewe, alieleza vizuri. Dawa ile ile, alisema, humponya mtu aliye na wa kumchotea maji na humshinda asiye naye. Kwa hiyo tangu sasa, chini ya ugonjwa, iandikwe pia hali ya mgonjwa kwa herufi Z: huyu hana makazi, huyu hana chakula, huyu anaishi peke yake. Mwenye Z fulani hospitali haimtoi kitandani mpaka imempangia mtu wa kumfuata huko anakokwenda. Libérata aliipenda herufi hiyo. Miaka yote alikuwa akiandika kilichomuuma mtu, sasa aliruhusiwa kuandika na kilichokuwa kikimngoja nje ya mlango.

Safu zote zilijaa isipokuwa ile moja, na sababu yake haikuwa uvivu, ilikuwa adabu.

Hospitali ya huku humpa mgonjwa kitanda, sindano na maneno ya kumtia moyo. Chakula, beseni, kufuliwa nguo na kugeuzwa ubavu ni kazi ya garde-malade wake, ndugu anayekuja naye na kulala chini ya kitanda chake. Uwanja wa nyuma umejaa mafiga ya magarde-malade, bugali unasongwa, sombe ya majani ya muhogo inachemka, na habari za vitanda vyote zinajulikana pale kabla daktari hajazijua. Sasa, mgonjwa akiletwa bila mtu, hakai hivyo muda mrefu. Muuguzi anapofika na karatasi na kuuliza, "Huyu iko na nani?", mwanamke wa kitanda cha jirani hujibu bila kuinua macho kwenye sufuria yake, "Ni papa yangu." Au, "Ni kaka yangu." Muuguzi anaandika: ana familia. Kila mtu wodini anajua kwamba wawili hao hawajawahi kuonana, na kila mtu anaridhika, kwa sababu si jambo la kibinadamu kumwacha mtu aulizwe swali lile mara ya pili.

Maana swali lile lina mkia. Mgonjwa kijana asiye na watu huonewa huruma. Mzee asiye na watu, hapo watu hawaulizi nani kamwacha, wanaulizana yeye aliwamaliza vipi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakupita wodi hii. Hapa maradhi hayafichwi, hata minyoo hutajwa mbele ya wageni. Kinachofichwa ni kukosa mtu.

Ndipo akaja Papa Mbusa.

Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, mwenye duka hapa kando ya barabara la misumari, chumvi, sabuni na vipuri vya pikipiki. Mke wake alikuwa amefariki na watoto wakatawanyika. Mwendesha pikipiki mmoja aliyekwenda kununua buji, plagi ya pikipiki yake, alimkuta ameanguka nyuma ya meza ya duka, akambeba mgongoni kwa pikipiki hadi hospitali, akamfunga kwake kwa kitenge ili asidondoke. Ilikuwa ni sukari. Na sukari ilikuwa imeshamla macho kiasi kwamba aliweza kumtambua mtu kwa kimo, lakini mistari midogo ya bomba la sindano hakuiona kabisa.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mchimbaji wa dhahabu wa Omate aliyeangukiwa na mawe, na mkewe alikuwa Bibiche, mwanamke wa Walikale mwenye mikono ya kazi na mdomo wa kazi zaidi. Muuguzi mkuu, Sébastien, alipokuja na karatasi, Bibiche alikuwa anachambua sombe.

"Huyu muzee iko na nani?"

"Ni papa yangu," alisema Bibiche.

Papa Mbusa, ambaye hakuwahi kufika Walikale maisha yake yote, alikohoa kidogo na kusema, "Njo hivyo."

Basi ikawa hivyo. Bibiche alimpikia, akamfulia, akamgombeza alipotaka chai yenye sukari. Na kwa kuwa mgonjwa wa insulini haruhusiwi kutoka mpaka ndugu yake mmoja afundishwe kumchoma, Sébastien alimfundisha Bibiche. Alijifunza upesi: kuvuta dawa, kusoma mstari, kutoa hewa, kuchoma bila kumuumiza mzee. Libérata alipopita wodini kutafuta karatasi zilizokosa sahihi aliyaona yote hayo kwa macho yake. Alirudi chumbani kwake, akaingiza: ana familia. Alijua. Sébastien alijua. Hata mume wa Bibiche alijua, naye alishazoea kumwita mzee yule bokilo, yaani mkwe.

Mambo yaliharibika kwa sababu mguu wa mchimbaji ulipona.

Asubuhi moja Libérata alimkuta Bibiche anafunga mizigo. Pikipiki ya kuwapeleka Walikale ingefika kesho yake, barabara ikiwa bado imefunguka. Kitandani kando, Papa Mbusa naye alikuwa amevaa koti lake, kwa maana karatasi yake ilikuwa tayari. Na karatasi ilisema: anarudi nyumbani, atahudumiwa na binti yake, binti amefundishwa.

Libérata alimfuata Sébastien kwenye meza yake.

"Kaka Sébastien, Papa Mbusa anatoka na nani?"

"Na mutoto wake. Nilimufundisha mie mwenyewe. Anajua kuvuta dawa kupita hawa stagiaires, banafunzi ya uuguzi."

"Mutoto wake anaenda Walikale kesho."

Sébastien alitazama dari kwa muda. Dari haikuwa na msaada.

"Mama Libérata, we unajua na mie najua. Karatasi njo haijue. Na karatasi iko complet. Docteur ameshatia sahihi, na kitanda kinangojewa."

"Na sindano ya keshokutwa?"

"Jirani yake atasaidia."

"Jirani yupi?"

Kwa kuwa alikuwa mtu mwema, Sébastien hakumtunga jirani. Wote wawili walijua habari za majirani wa Papa Mbusa. Wenye bunduki walipopita mara ya kwanza walipora maduka yote isipokuwa la kwake. Walipopita mara ya pili, hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba mara zote mbili duka lilikuwa limebakiwa na misumari tu, na msumari hauliwi. Lakini maelezo kama hayo hayana ladha, na mtaa ulichagua maelezo yenye ladha, ya uchawi. Tangu hapo watu walinunua kwake haraka, wakapokea chenji bila kumtazama usoni.

Libérata alikwenda akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Papa, minataka kukuuliza. Kule kwako, nani atakuchoma sindano?"

"Niko na batoto," alisema Papa Mbusa.

"Bako wapi?"

"Butembo. Mumoja iko Kampala. Banapiga simu."

"Kwa simu habawezi kuchoma."

Mzee alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena.

"Najua unatafuta nini," alisema polepole. "Iko kale ka namba kako. Mama, ukiandika Mbusa haiko na mutu, ile mutu ya hospitali atakuja kwangu kila asubuhi na kizibao chake, batu batauliza anafuata nini, na bataambiwa. Mie niko muzee, niko mugeni, na duka yangu haikuibiwa. Kinabakia kitu kimoja tu bapate kusema mulozi. Na weye unataka kubapatia ile kitu. Huku balishachoma nyumba ju ya maneno kidogo kuliko ile."

"Bila sindano utakufa, Papa."

"Nitakufa kwangu, na paa juu yangu. Andika niko na batoto."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ambayo haishuki.

Libérata alirudi kwenye chumba chake, akaifungua karatasi ya Mbusa kwenye kompyuta, akaitazama. Angeweza kuiacha. Hakuna ambaye angemlaumu, na mzee mwenyewe ndiye aliyeomba. Zaidi ya hayo, kwa kuiacha angekuwa anampa mzee heshima yake, na heshima si kitu cha kuchezea. Aliwaza hivyo mpaka akajichukia, kwa maana aliyajua maneno hayo vizuri mno. Alikuwa ameshajiambia yeye mwenyewe.

Msimu wa mvua uliopita, malaria ilimwangusha Libérata nyumbani kwake. Mwanawe Floribert alikuwa Omate anachimba, binti yake Elodie ameolewa Goma. Ndoo ya maji ilikuwa karibu na mlango, naye alikuwa kitandani, na kati ya kitanda na mlango palikuwa mbali kiasi kwamba alilala akiitazama ndoo mchana kutwa. Aliogopa. Hakuogopa kufa sana, aliogopa jinsi ambavyo ingechukua muda mtu kujua. Muuza mkaa ndiye aliyegonga mlango. Hospitalini, kwenye kitanda cha wodi ya wanawake, mwanamke mmoja asiyemfahamu alimwambia muuguzi, "Ni dada yangu," akamfulia kitenge chake, akamlisha uji. Aliporudi kazini, karatasi ya kwanza kwenye rundo ilikuwa ya kwake mwenyewe. Aliiingiza bila kutetereka: anaishi na familia. Kisha akarudi nyumbani, akaisogeza ndoo karibu na kitanda, na hapo imekaa mpaka leo.

Mashine ya kuchapa ilikuwa na siku zake, lakini siku hiyo ilikubali. Libérata alitoka na karatasi mkononi, akaenda tena wodini.

"Papa, hii ni karatasi."

"Macho yangu haionake. Soma."

"Inasema: Mama Libérata, malaria kali. Anaishi na familia. Alikuwa na dada yake."

"Ni vizuri kuwa na dada," alisema Papa Mbusa kwa tahadhari.

"Ni vizuri. Lakini jina yake siijue."

Mzee aligeuza uso kuelekea kimo chake.

"Nani aliandika vile?"

"Mie mwenyewe."

"Na batoto? Hauna batoto?"

"Niko nabo. Mumoja iko Omate, mumoja iko Goma." Libérata alikunja karatasi. "Banapiga simu."

Wodi ilikuwa na kelele zake, mtoto analia, sufuria inaangushwa nje. Yalikuwa maneno ya Papa Mbusa mwenyewe yakirudishwa, naye aliyajua.

"Ilikuwa namna gani?" aliuliza. "Ile malaria."

"Nilikuwa naangalia ndoo ya maji, Papa. Mchana muzima."

"Mie ilikuwa ni meza ya duka," alisema. "Kwa chini yake. Iko na msumari moja yenye ilipindama, kwa chini kabisa. Sikuwa najua kama iko pale."

Libérata akamwambia alichokuja kumwambia: kwamba atabadilisha ya kwake kwanza, na ya mzee atabadilisha kama mzee akikubali. Na mtu wa hospitali mwenye kizibao hatakuja, kwa sababu Libérata mwenyewe atamchoma sindano, maana hupita mbele ya duka kila asubuhi akienda kazini, na mwanamke kuingia dukani hakuhitaji maelezo.

"Na batu bakisema mulozi?"

"Baanze na mie. Mie njo naandikaka magonjwa ya batu bote."

Papa Mbusa alicheka, kicheko kifupi kikavu, cha kwanza tangu aletwe.

"Andika," alisema. "Na majina yote. Isikuwe Mbusa tu. Huku Bambusa ni bengi."

Aliyebaki kuridhishwa alikuwa Bibiche, na yeye hakuridhika. Aliposikia kwamba karatasi itabadilishwa na kwamba hatakuwa tena binti wa mtu, aliweka chini furushi lake.

"Kwa hiyo mie nilikuwa nani hapa? Mupishi?"

"Ulikuwa mutoto wake," alisema Libérata. "Hakuna mwenye anakatala. Lakini karatasi inatafuta mutoto mwenye anabakia."

"Mie ningebakia kama ningeweza."

"Najua, dada."

Bibiche alijifuta macho kwa kiganja, akiwa amekasirika kweli, na amehuzunika kweli. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo mama huyu wa kompyuta aje hapa aonyeshwe, maana watu wa kompyuta hushika vitu kama vitawauma. Akamkalisha, akampa bomba tupu na chupa ya maji, akamfundisha mpaka giza lilipotaka kuingia: vuta, angalia mstari, gonga kwa kidole, toa hewa. Libérata aliharibu mara nyingi. Kila alipoharibu Bibiche alimpokonya bomba na kuanza upya, kwa sauti ile ile aliyomgombezea mzee kuhusu chai. Sébastien alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kutafuta kitu, akatazama, akatia sahihi karatasi mpya bila kuulizwa.

Asubuhi pikipiki ilikuja. Bibiche alimpigia Papa Mbusa magoti kama binti anavyomuaga baba yake, mbele ya wodi nzima, na mzee akamwekea mkono kichwani. Karatasi ilikuwa imeshabadilishwa. Hawakujali karatasi.

Tangu hapo Libérata aliamka mapema kidogo. Chupa ya dawa ilikaa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowanishwa, nyuma ya duka, mahali penye ubaridi. Alichoma, akangoja mzee ale viazi vyake, wakanywa chai, ya mmoja na sukari na ya mwingine bila, kisha akaenda kazini. Mtaa ulimwona akiingia siku ya kwanza, ya pili, na za baadaye, ukaanza kusema. Maneno ya uchawi yalififia, kwa kuwa mtaa ulikuwa umepata jambo lenye ladha zaidi: mjane wa hospitali na mzee wa misumari. Libérata alipoyasikia alifikiri kukanusha, kisha akaona hakuna haraka. Watu walianza kumtazama Papa Mbusa usoni tena, wakipokea chenji, ili waone kama anaficha kitu.

Mwisho wa mwezi alituma ripoti yake kama kawaida. Siku chache baadaye, akiwa dukani, simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe wa Fiston, kwa lugha ya ofisi. Katika safu ya wanaoishi peke yao, ulisema, kituo chako kimeonyesha watu wawili. Tangu mwanzo kituo hicho kimekuwa sifuri. Tunadhani ni kosa la kuingiza. Tafadhali hakikisha kama watu hao wapo kweli.

"Ni nani?" aliuliza Papa Mbusa, akipapasa meza kutafuta kikombe.

"Ni batu ya zone. Banauliza kama tuko."

Mzee alikipata kikombe. Alifikiri kidogo kabla ya kunywa.

"Basi bajibu," alisema. "Chai itapoa."

Libérata aliandika: Nimehakikisha. Wapo.